Ugiriki Ilivyoingia Mikononi mwa Roma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Habari hii kwa kawaida husimuliwa mbiombio: Aleksander Mkuu anakufa, unafungua ukurasa, Warumi wameshaingia. Katikati ya hapo kuna karibu miaka mia tatu ya vita, mikataba, madeni na ahadi za uhuru. Hapa tumeyakusanya maswali yanayojirudia zaidi. KK ni kabla ya Kristo, BK ni baada yake.

Ugiriki ilitekwa mwaka gani hasa?

Mwaka unaotajwa sana ni 146 KK, Korintho ilipoteketezwa. Si kosa, ila ni jibu lililokatwa mkia. Wagiriki hawakuwa na nchi moja. Walikuwa na miji na falme kuanzia kusini mwa Italia hadi Misri na Siria, na kila kipande kilianguka kwa siku yake. Tarentum huko Italia ilisalimu amri mwaka 272 KK, Syracuse kisiwani Sisilia 212, Makedonia kwa mara ya mwisho 148, Korintho 146. Pergamo ilirithiwa 133, Krete ikachukuliwa 67, Siria 64, na Misri ya akina Kleopatra 30 KK. Toka mji wa kwanza hadi ufalme wa mwisho ni zaidi ya miaka 240.

Mimi ukinibana nichague mwaka mmoja, nitasema 168 KK. Sababu iko chini.

Wagiriki na Wayunani ni watu wawili?

Ni walewale. Jina Wayunani limetufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ni Ionia, pwani ya Uturuki ya leo walikoishi Wagiriki wa mashariki. Wagiriki linatokana na Graeci, jina walilopewa na Warumi. Wao wenyewe walijiita Hellenes. Kwa hiyo kila tunaposema "Ugiriki" tunatumia jina la mshindi.

Walianzia wapi kupigana?

Italia. Tarentum ilipokorofishana na Roma ilimwita Pyrrhus, mfalme wa Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, naye akavuka bahari mwaka 280 KK na jeshi zuri pamoja na tembo 20. Alishinda mara mbili, lakini alipoteza maofisa wengi kiasi kwamba alipopongezwa alijibu kuwa ushindi mwingine wa aina hiyo utawamaliza kabisa. Mwaka 275 alirudi kwao. Roma ilikuwa na watu wa kujaza nafasi za waliokufa. Yeye hakuwa nao.

Ni kweli Wagiriki wenyewe ndio waliowaita Warumi?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Wahenga husema mgeni njoo mwenyeji apone. Shida ni kwamba kila mwenyeji alitaka kupona kwa hasara ya jirani yake.

Mwaka 215 KK Philip V wa Makedonia aliingia mkataba na Hannibal, jenerali wa Karthago (mji wa Afrika Kaskazini) aliyekuwa akipigana na Warumi, wakati Roma iko taabani. Warumi hawakuwa na jeshi la ziada la kumkabili, wakatafuta Wagiriki wa kuwafanyia kazi hiyo. Wakawapata Waetolia, watu wa milimani waliomchukia Philip. Mkataba wao wa 211 unasomeka kama makubaliano ya wanyang'anyi: miji itakayotekwa, ardhi na nyumba ni za Waetolia; kinachobebeka, watu wakiwemo, ni cha Warumi. Kisiwa cha Aegina kilipotekwa, wenyeji walichukuliwa na Warumi, na Waetolia wakakiuza kisiwa chenyewe kwa mfalme wa Pergamo kwa talanta 30. Aegina ilikuwa imeshindana na Athens baharini enzi zake. Ikauzwa kama shamba.

Muongo mmoja baadaye, Pergamo na kisiwa cha Rhodes walipeleka wajumbe Roma kumshtaki Philip, na Athens ikapiga kelele zake pia. Roma ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza vita na Hannibal, na wananchi walipoitwa kupiga kura ya vita mara ya kwanza walikataa. Walishawishiwa wakakubali.

Hakuna aliyeona hatari inakuja?

Alikuwepo. Mwaka 217 KK, kwenye mkutano wa amani mjini Naupactus, mjumbe mmoja aitwaye Agelaus alisimama akawaambia waache kupigana wao kwa wao, waangalie mawingu yanayotanda magharibi. Atakayeshinda kati ya Roma na Karthago, alisema, hatatosheka na Italia na Sisilia. Walimsikiliza, wakafanya amani, ikadumu miaka michache. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kumwona jirani analowa kulikuwa na utamu wake. Na kwa taarifa yako, Agelaus alikuwa Muetolia, wa watu walewale waliotia saini mkataba wa 211.

Mbona jeshi la Makedonia, lililoteka dunia chini ya Aleksander, lilishindwa?

Nguvu yake ilikuwa safu: askari maelfu wamebanana bega kwa bega, kila mmoja ameshika mkuki wa kama mita sita. Uso kwa uso kwenye uwanja tambarare hakuna aliyeweza kuupita ukuta ule. Lakini ukuta haugeuki haraka. Mwaka 197 KK, kwenye vilima vya Cynoscephalae, maana yake Vichwa vya Mbwa, asubuhi ya ukungu, upande mmoja wa safu ya Philip ulikuwa unashinda huku mwingine haujamaliza kujipanga. Ofisa mmoja wa Kirumi, historia haikulihifadhi jina lake, alichomoa vikosi 20 kutoka upande uliokwisha kushinda akazunguka nyuma.

Wamakedonia walionaswa wakainua mikuki yao juu. Kwao hiyo ilikuwa ishara ya kusalimu amri. Warumi hawakuijua, wakaendelea kuua. Jioni walihesabiwa wafu 8,000 upande wa Philip, na Warumi kama 700.

"Uhuru wa Wagiriki" wa mwaka 196 KK ni kitu gani?

Hapa ndipo kiini cha habari yote, kwa hiyo tukae kidogo.

Baada ya vita, kila mtu alijua kilichofuata: ameondoka bwana, anaingia bwana. Majira ya kiangazi watu walijaa kwenye Michezo ya Isthmia karibu na Korintho. Tarumbeta ikalia, mpiga mbiu akaingia uwanjani akatangaza kwa niaba ya Seneti (baraza kuu) ya Roma na jenerali Titus Quinctius Flamininus: Wakorintho, Wafoki, Walokri, Waeubea, Wathesalia na wengineo aliowataja kwa majina waachwe huru, bila kikosi cha kigeni, bila kodi, chini ya sheria za baba zao. Wengine hawakusikia, wengine hawakuamini masikio yao, wakadai arudie. Aliporudia, kelele zilikuwa kubwa hata Plutarch, mwandishi Mgiriki wa enzi za baadaye, akaandika kwamba kunguru waliokuwa wakipita juu ya uwanja walianguka chini. Flamininus nusura akanyagwe na watu waliotaka kumshika mkono.

Na mwaka 194 jeshi la Kirumi likaondoka kweli. Lote.

Sasa, Flamininus alidanganya? Sidhani. Tatizo lilikuwa kwenye neno lenyewe. Kwa Mgiriki, uhuru ni kujiamulia: kufanya vita au amani bila kuomba ruhusa. Kwa Mrumi, uhuru uliopewa ni fadhila, na anayepewa fadhila anabaki na deni la heshima kwa aliyempa. Mtumwa aliyeachwa huru Roma aliendelea kumhudumia bwana wake wa zamani maisha yake yote. Warumi waliwaona Wagiriki hivyo hivyo, na waliposhindwa kupata shukrani walikasirika kwa dhati kabisa, kama mtu aliyetendewa uovu.

Waetolia ndio waliong'amua mapema. Walinung'unika kwamba minyororo imebadilishwa tu mshikaji. Mwaka 192 wakamwita mfalme Antiochus III kutoka Siria aje "kuwakomboa" Wagiriki waliokwisha kukombolewa. Alipigwa Thermopylae mwaka 191, akafuatwa hadi Asia akapigwa tena Magnesia, na mkataba wa 188 ukamtoza talanta 15,000. Talanta moja ni kama kilo 26 za fedha, piga hesabu.

Kwa nini unasema 168 na si 146?

Kwa sababu baada ya 168 hapakuwa na mtu wa pili wa kumkimbilia.

Mwezi Juni mwaka huo, huko Pydna, jenerali wa Kirumi Aemilius Paullus alilivunja jeshi la Perseus, mwana wa Philip, kwa muda wa kama saa moja. Ufalme wa Makedonia ukafutwa, ukakatwa vipande vinne visivyoruhusiwa hata kuoana. Muda mfupi baadaye, nje ya Aleksandria, Antiochus IV, mfalme wa Siria, akiwa anakaribia kuiteka Misri, mjumbe wa Roma Popillius Laenas alimkabidhi amri ya Seneti ya kuondoka. Mfalme akaomba nafasi ya kushauriana na wenzake. Popillius akachora duara mchangani kwa fimbo kumzunguka mfalme, akamwambia ajibu kabla hajatoka humo. Mfalme aliondoka Misri. Hakuna askari hata mmoja wa Kirumi aliyehitajika.

Kisha ikaja zamu ya Epirus. Mwaka 167 Paullus aliita watu wakubwa kumi kutoka kila mji, akawaagiza watoe dhahabu na fedha yote ya mji. Vikosi vikatumwa kila mahali, vimepangiwa safari ili vifike kwa wakati mmoja. Asubuhi wakapokea dhahabu. Saa nne ishara ikatolewa, na miji 70 ikavamiwa kwa pamoja. Watu 150,000 waliuzwa utumwani. Plutarch anasema mgawo wa kila askari haukuzidi drakma 11.

Marafiki nao hawakupona. Rhodes, mshirika wa siku nyingi, ilithubutu kujaribu kusuluhisha vita. Roma ikakifanya kisiwa cha Delos bandari isiyotoza ushuru, na mapato ya bandari ya Rhodes yakaporomoka kutoka drakma milioni moja hadi 150,000. Delos ikanawiri kama soko la watumwa.

Wagiriki walioshirikiana na Warumi walionekanaje na wenzao?

Kikulacho ki nguoni mwako. Akaya, shirikisho la miji ya kusini mwa Ugiriki, ilikuwa na mwanasiasa aitwaye Callicrates aliyeishauri Seneti iwakandamize wapinzani wake. Baada ya Pydna, watu 1,000 wa Akaya walipelekwa Italia bila kesi, orodha yao ikiwa imeandaliwa nyumbani. Mmoja wao ni mwanahistoria Polybius, ambaye kwake tunajua nusu ya mambo haya.

Polybius anaeleza kuwa kwenye bafu za umma, Callicrates na wenzake wakishaoga, hakuna aliyekubali kuingia mpaka mhudumu amwage maji yote na kujaza mengine. Watoto wakitoka shule waliwaita wasaliti usoni.

Waliopelekwa walikaa miaka 17. Seneti ilipojadili kuwarudisha mwaka 150, mzee Cato, mmoja wa maseneta, alichoka akauliza kama hawana kazi nyingine zaidi ya kubishana iwapo vibabu vya Kigiriki vizikwe na wachimba makaburi wa Italia au wa Akaya. Wakaruhusiwa. Hawakufika 300.

Korintho ilikosa nini?

Shirikisho la Akaya lilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Sparta. Roma ilipoamuru Sparta, Korintho na miji mingine vitolewe katika shirikisho, watu wa Korintho waliwazomea wajumbe wa Kirumi na kuwarushia matusi. Vita ikafuata, vita ya watu waliokata tamaa. Jenerali wa Kirumi Lucius Mummius aliingia mjini mwaka 146 KK: wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa, mji ukachomwa. Karthago iliteketezwa mwaka huohuo.

Polybius alikuwepo baada ya hapo. Aliona michoro mashuhuri imetupwa chini na askari wanaitumia kama ubao wa kuchezea dadu. Mummius mwenyewe hakuwa mtu wa sanaa. Alipowapa wasafirishaji kazi za mabingwa wa kale wazipeleke Roma, inasemekana aliwaonya kwamba wakizipoteza watatakiwa kununua mpya.

Mji ule ulikaa magofu kwa miaka 102, mpaka Julius Caesar alipouanzisha upya mwaka 44 KK kama makazi ya Warumi, wengi wao watumwa walioachwa huru. Hiyo ndiyo Korintho ya nyaraka za Paulo, na ndiyo maana humo utakutana na majina ya Kilatini kama Krispo, Gayo na Fortunato. "Galio liwali wa Akaya" wa kitabu cha Matendo ni gavana wa Kirumi, na jina lake limekutwa pia kwenye jiwe huko Delphi.

Mfalme anawezaje kuurithisha ufalme kwa nchi nyingine?

Attalus III wa Pergamo alifanya hivyo. Alikufa mwaka 133 KK bila mtoto, na wosia wake ukaipa Roma ufalme. Aristonicus, aliyedai kuwa wa ukoo wa kifalme, aliwakusanya watumwa na mafukara akapigana hadi 129, akashindwa.

Kilichofuata kinaeleweka vizuri pwani kwetu. Roma haikuwa na maofisa wa kodi wa kutosha, ikakodisha kazi hiyo kwa makampuni: kampuni inaahidi kiasi fulani, kisha inakwenda kukamua, na kinachozidi ni chake. Karne ya 19 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa mtindo huohuo, nyumba ya Jairam Shivji ikiwa maarufu kuliko zote. Tofauti ni kwamba mkulima wa Asia (ndilo jina Warumi walilolipa jimbo la Pergamo) aliyeonewa alishtaki mbele ya mahakama ambazo mahakimu wake walikuwa watu wa tabaka lilelile la wenye makampuni. Wenye makampuni hao ndio babu zao wale "watoza ushuru" wa Injili.

Kwa nini miji mingi ilimuunga mkono Mithridates?

Soma jibu lililotangulia. Mwaka 88 KK mfalme huyo wa Ponto, kando ya Bahari Nyeusi, aliamuru Warumi na Waitalia wa Asia wauawe siku moja, na miji ikatekeleza. Hesabu ya chini ya waandishi wa kale ni watu 80,000. Athens ikajiunga naye.

Jenerali wa Kirumi Sulla aliizingira. Alikata miti ya Akademia, palepale Plato alipofundishia, apate mbao za mitambo ya vita. Ndani ya mji watu walichemsha viatu na ngozi wakala. Ukuta ulipasuliwa Machi 86 KK, damu ikamwagika sana, mpaka Sulla aliposema anawasamehe wachache kwa ajili ya wengi, walio hai kwa ajili ya waliokufa. Mababu wa Athens walikuwa wameokoa wajukuu.

Asia ilitozwa faini ya talanta 20,000. Miji ikakopa kwa Warumi ili iwalipe Warumi. Miaka kama 15 baadaye, baada ya kulipa 40,000, riba ilikuwa imelifikisha deni 120,000.

Kleopatra naye alikuwa Mgiriki?

Ukoo wake ulitokana na Ptolemy, jenerali Mmakedonia wa Aleksander, kwa hiyo ndiyo. Kushindwa kwake akiwa pamoja na Antonius, mshirika wake Mrumi, huko Actium mwaka 31 KK kulifunga hesabu. Misri ikachukuliwa mwaka uliofuata. Mwaka 27 KK Ugiriki ya kusini ikafanywa jimbo la Akaya.

Uhuru uliwahi kurudi?

Mara moja, kama maigizo. Mwaka 67 BK Kaisari Nero, baada ya kushinda kila shindano aliloingia (nani angethubutu kumshinda?), alisimama palepale Isthmia akawatangazia Wagiriki uhuru na msamaha wa kodi. Vespasian aliufuta miaka michache baadaye, akisema Wagiriki wamekwisha kusahau namna ya kuwa huru.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na si wa kulazimisha. Maelezo ya zamani kabisa tuliyonayo ya pwani yetu, yale ya Azania na bandari ya Rhapta, yaliandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK na mfanyabiashara wa Misri iliyokuwa chini ya Roma. Anataja pembe za ndovu, magamba ya kasa, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, yaani ndugu za mtepe. Kuhusu kisiwa kimoja anasema wenyeji huvua kwa vikapu badala ya nyavu. Mvuvi yeyote wa Unguja akisoma hapo atasema: haya si madema?

Warumi wa Surat Ar-Rum ni Warumi gani?

Ni wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), waliosema Kigiriki. Mwaka 212 BK Kaisari Caracalla aliwapa uraia wa Kirumi karibu watu huru wote wa dola. Wagiriki wakawa Warumi kisheria, na dola ya magharibi ilipovunjika wao ndio waliobaki na jina. Walilibeba hata baada ya Konstantinopoli kuanguka mwaka 1453.

Mwanahistoria Peter Charanis, aliyezaliwa kisiwa cha Lemnos, alisimulia jinsi jeshi la wanamaji la Ugiriki lilivyotua kisiwani hapo mwaka 1912 na kukichukua kutoka kwa Waturuki. Watoto walikimbilia kuwatazama askari. Askari mmoja akawauliza, mnatazama nini? Wakajibu, tunawatazama Wagiriki. "Kwani ninyi si Wagiriki?" "Hapana," wakasema, "sisi ni Warumi."